Basi Lililonukia Samaki

Nimesamehe watu wengi. Wifi yangu aliyenisema ugenini nilimsamehe, na fundi cherehani aliyeniharibia kitenge cha sikukuu nilimsamehe pia. Mwenye kituo cha mafuta cha mji wetu sijamsamehe. Padri wetu analijua hilo, maana kila Kwaresima ananiuliza, nami namjibu vilevile.

Chanzo ni basi. Mume wangu aliendesha magari ya ushirika wa pamba tangu ujana wake. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, ushirika ukalegea, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Badala ya kiinua mgongo akapewa basi bovu lililokuwa limeegeshwa nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, kuku wakitaga chini ya viti vyake. Alilala chini ya basi lile na spana zake mpaka likaunguruma. Likaanza kutoka Misungwi alfajiri kwenda Mwanza na kurudi jioni. Mimi nilikuwa na benchi na karai langu palepale stendi, nikikaanga sangara na sato. Samaki walitupa chumvi na sabuni, lakini basi ndilo lililosomesha watoto.

Yule bwana naye aliletwa na soko huria. Alifungua kituo cha mafuta, na kwa wakati ule mjini kwetu kilikuwa hicho kimoja tu. Kisha akaleta mabasi mawili yenye mapazia. Alitaka abiria wote, ila abiria wetu hawakuyataka mapazia yake, kwa sababu kwake kuku hawakuruhusiwa, wala ndoo za dagaa. Asubuhi moja alisimama mbele ya pampu na kumwambia kijana wake, stendi nzima ikisikia:

"Huu mkweche usiwekewe dizeli hapa. Hata tone! Unanichafulia kituo."

Mume wangu alisema sawa, akageuza basi. Tangu siku hiyo akawa anajaza Mwanza na kurudi na dizeli ya kumfikisha Mwanza tena kesho yake, basi. Mpaka hapo nilikuwa sijamchukia mtu. Biashara ni vita, nikajisemea, na nikaendelea kugeuza samaki wangu.

Halafu mama yangu akafa, nyumbani kwetu, kabla jua halijachomoza. Aliomba azikwe kijijini kwake kando ya baba, karibu na ziwa, njia nyingine kabisa na ile ya Mwanza, na mbali. Dizeli iliyobaki isingefika hata nusu, na njia ya Mwanza ya kwenda kujaza ilikuwa imekatwa na mvua ya usiku. Nilijifunga khanga kiunoni nikaenda kituoni mwenyewe. Nilimpigia goti, mimi niliyelingana naye umri.

"Pole sana, mama," alisema. Alikuwa anachokonoa meno. "Lakini nilishasema hata tone. Nikilegeza kwako leo, kesho stendi nzima itakuwa na misiba."

Vijana wake wawili wakacheka. Mmoja aliona aibu akaangalia pembeni, na huyo nilimsamehe.

Mama yangu alikwenda kuzikwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mvua ilitukuta njiani, jeneza likawa linateleza, shemeji zangu wakalishika huku na huku wakitembea kwenye tope. Kutoka nyumba ya yule bwana alikuja mtu mmoja tu, mama yake mzazi. Alikuwa ajuza anayetembelea fimbo, mteja wangu wa vichwa vya sangara, hakutaka kipande kingine. Alitembea nyuma ya mkokoteni mpaka kwenye kijito cha kwanza, tukamsihi apande akae kando ya jeneza. Akapanda. Njia nzima alilishikilia jeneza la mama yangu kwa mkono mmoja.

"Mwanangu ana hela," aliniambia tulipofika, "masikio ndiyo hana."

Matanga yalipokwisha nilimwambia mume wangu kwamba basi lile halitamwomba dizeli mtu yule tena, wala mwingine wa aina yake. Nikamwonyesha ndoo yangu ya mafuta machafu. Sisi wakaanga samaki tulitumia mafuta ya pamba, na yakishakuwa meusi tuliyamwaga mtaroni au kupaka bawaba za milango. Mume wangu aliyachovya kidole, akayanusa. Kisha akasema kwamba miaka ile ya shida, dizeli ilipokuwa haionekani, injini ya jineri waliwahi kuiendesha kwa mafuta ya pamba. Ilikohoa, lakini ilifanya kazi.

Hasira ikiwa na kazi ya kufanya hailali. Nilizunguka kwa wanawake wote wa makarai, wa samaki, wa maandazi, wa chipsi, kila mmoja akaniwekea ndoo. Tuliyachuja mafuta kwa khanga kuukuu na kuyaacha yatulie kwenye mapipa mpaka mashapo yakae chini. Mume wangu alizungusha bomba la shaba kwenye ekzosi ili mafuta yapate moto kabla ya kufika kwenye injini, maana yakiwa baridi ni mazito, hayapiti. Pembeni akafunga tangi dogo la bati kwa ajili ya dizeli. Basi liliwashwa kwa dizeli kidogo, likishapata moto linahamia mafuta ya kukaangia, na kabla ya kuzimwa linarudishwa kwenye dizeli ili mabomba yasigande. Dumu moja la dizeli kutoka Mwanza lilitutosha siku nyingi.

Likanukia! Lilipopita, mtaa mzima ulinukia samaki wa kukaanga. Mbwa walilikimbiza. Abiria walishuka na njaa, wakaja moja kwa moja kwenye benchi langu. Watu wakaliita Kikaango, na yule bwana akiwa mlangoni pa kituo chake alipiga kelele, "Basi la vitumbua hilo linapita!" Nilicheka pamoja naye. Aliye juu mngoje chini, na mimi nina uvumilivu wa ng'ombe wa kulimia.

Nilingoja. Zikaja mvua kubwa, zikakata reli na barabara, malori ya mafuta yakakwama huko mbali. Dizeli ikaisha Misungwi, ikaisha Mwanza. Mabasi ya mapazia yakalala kituoni kwao yakiwa makavu, nasi tukaendelea, kwa sababu pamba ni ya kwetu, inakamuliwa kwetu, na watu hawaachi kula samaki. Nilikuwa nikikaanga na kuimba.

Katikati ya ukame ule wa dizeli, mama yake yule bwana akafariki.

Kwao ilikuwa ng'ambo, uvuke kwa pantoni pale Kigongo, ushukie Busisi, kisha mwendo mrefu tena. Habari zilinifikia alfajiri nikiwa stendi, basi likiwa bado halijaondoka, na nililia. Nilimlilia yule mama kweli. Kisha nikapangusa uso, maana nilijua ni nani atakayekuja na atakuja kuomba nini.

Walikuja wazee wawili, na yeye nyuma yao. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitika. Yeye sikumtazama.

"Mayu," mzee mmoja alianza, kwa heshima ya kwetu ya kumwita mwanamke mama, "msiba hauna adui. Tunaomba basi, tumpeleke mama yetu nyumbani."

Mume wangu alisema ndiyo kabla mzee hajamaliza. Ndivyo alivyo. Akaenda kwenye basi, akainama nyuma ya kiti chake kutafuta dumu la dizeli ya kuwashia. Hakuliona. Tangi dogo nalo lilikuwa kavu. Akarudi akijikuna kichwa.

"Dizeli ya kuwashia imekwisha," nikasema mimi. "Bila hiyo haliwaki. Lakini kuna dizeli kwenye gari ya huyu bwana. Nimeiona ikipita jana."

Ilikuwa kweli. Gari yake ndogo ilikuwa na masalia ambayo yasingeifikisha hata kwenye pantoni, lakini kwetu yangetosha kuwasha, kuzima na kuwasha tena. Alimwita kijana wake alete mpira wa kunyonyea dizeli.

"Hapana," nikasema. "Anyonye yeye mwenyewe."

Mzee wa pili alinikanya, akasema maiti haiwekewi masharti, na wanawake wenzangu wa makarai waliniangalia vibaya. Mume wangu aliniita kwa sauti ya chini. Sikubanduka kwenye benchi langu. Nilimtazama yule bwana machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilipopiga goti, nikaona kwamba amekumbuka.

Alivua koti. Akapiga goti kando ya gari yake, kwa sababu tangi liko chini na hakuna namna nyingine. Akaingiza mpira, akavuta. Mara ya kwanza ulileta hewa. Akavuta tena, dizeli ikamjaa mdomoni, akakohoa na kutema, machozi yakamtoka, suruali ikaloa. Ikatiririka kwenye ndoo yangu ya samaki. Akaibeba ndoo ile mwenyewe mpaka kwenye basi letu na kuimimina kwenye tangi la bati, na niliangalia mpaka tone la mwisho.

Basi likawaka. Tulimpeleka mama yake. Nami nilikwenda, nikakaa kando ya jeneza, na njia nzima nililishikilia kwa mkono mmoja. Ndani mlinukia samaki wa kukaanga, na yule bwana alikaa kiti cha mbele akitema mate dirishani mpaka Busisi. Makaburini nilitupa udongo wangu kwa mikono miwili.

Tuliporudi, mume wangu alinisaidia kukusanya vyombo vyangu stendi. Aliinua gunia lililokuwa chini ya benchi nililokalia siku ile, akakuta dumu lake la dizeli. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, hata dizeli ya tangi dogo ilikuwa humo.

"Ungeacha yule mama alale bila kuzikwa?" akaniuliza.

"Yule mama ningembeba hata mgongoni," nikamjibu. "Basi lilikuwa la mama yake. Mpira ulikuwa wa mama yangu."

Alilibeba dumu akalirudisha nyuma ya kiti chake, nami nikamwaga majivu, tukaenda nyumbani.