Kipimo Nilichochagua Ijumaa

Kazi yangu ni kujibu maswali ya bosi kwa hesabu. Kampuni ina maduka ya dawa kumi na mawili, ofisi yetu iko katikati ya jiji la Nairobi. Mara hii bosi alitaka kujua: yule mama aliyeajiriwa miezi sita kupanga upya rafu na foleni, amesaidia ama hajasaidia? Kama wateja wangali wanangoja vilevile, mkataba wake haungeongezwa.

Mama mwenyewe ni Mkamba, anakaa mtaa wa Waithaka, na akiingia dukani huanza kusukuma makabati kabla hajasalimia mtu. Nilimpenda. Lakini Ijumaa ile nilikuwa na haraka zangu, na kwa haraka mimi ni hodari, Mungu anisamehe.

Kila duka lilikuwa limenitumia dakika za kungoja, za kabla na za baada. Bosi hapendi jedwali lenye maneno mengi, basi nikafuta majina ya maduka, nikaweka "kabla" huku na "baada" kule, nikatumia kipimo cha kulinganisha makundi mawili yasiyojuana. Kikasema hakuna ushahidi wa kutosha. Nikaandika "hakuna tofauti", nikatuma, nikaenda zangu kula nyama. Jumamosi bosi akampigia mama simu kumwambia kazi imeisha.

Jumatano mama akaja kurudisha funguo. Akasimama mezani kwangu. "Kijana wangu, hebu nionyeshe hiyo ripoti. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

Hakujua nani aliiandika. Nami, aibu yangu, nikawa nasema "walilinganisha", "waliona", kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Akatazama zile safu mbili, akakunja uso. "Sasa hapa duka la Karen ni gani? Huko watu watatu wakiwa kwa laini wanalalamika. Waithaka laini inafika barabarani. Mmechanganya hao wote? Si mngelinganisha Waithaka na Waithaka?"

Aki ya nani! Masikio yaliniwaka moto. Duka lilelile, kabla na baada: hicho ni kipimo cha jozi, kitu nilichofundishwa mwaka wa kwanza. Tofauti kubwa kati ya foleni ya Karen na ya Waithaka ilikuwa imefunika kazi yake yote. Nikarudisha majina, nikapiga hesabu upya, duka kwa duka. Kumi na moja yalikuwa yamepunguza dakika, tano hapa, sita pale. La Lavington tu halikubadilika, na huko hata zamani hakukuwa na foleni. Safari hii kipimo hakikusitasita hata kidogo.

Nikapanda kwa bosi. Akasoma, akashusha pumzi. "Haya, arudi. Mwambie kompyuta ilikosea."

Nilishuka ngazi polepole. Nilipompa habari, mama alipiga makofi, "Asante Yesu!" Ningeweza kuishia hapo.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Ile ripoti niliandika mimi. Nilichagua kipimo kibaya. Nisamehe, mama."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilijua Nairobi siiwezi bila kazi. Jumatatu nilimtoa msichana wangu shule, nikampeleka kwa nyanya yake Kitui. Alilia mpaka Machakos, kisha akanyamaza. Tangu hapo nikipiga simu, hataki kuongea na mimi."