Aliyesogea Atoke

Nina hasira za karibu, na wiki ile nilijikasirikia mwenyewe. Mama wa mtoto mmoja wa darasa langu la chekechea, hapa mtaani kwetu Batsinda, alikuwa ameniambia: "Mwalimu, Ijumaa saa sita mchana nakuja kumchukua binti yangu, harudi tena. Kukaa pembeni tu, hata nyumbani atakaa."

Alisema kweli, na kweli inauma. Binti ana miaka mitano, miguu yake haimbebi, anatumia kiti cha magurudumu. Wenzake wakitoka kukimbia, mimi nilikuwa namwekea tableti mapajani achezee ngoma za humo, atulie. Nikajiona mwalimu hodari! Kumbe nilikuwa nimemtenga kwa upole.

Alhamisi akanifunza adabu. Wenzake wanakimbia uwanjani, yeye yuko barazani, akapandisha sauti ya ngoma ya tableti mpaka mwisho. Wakaanza kuicheza. Ghafla akainyamazisha, wote wakasimama, mmoja mguu juu, akayumba. Binti akamfokea:

"Umesogea! Toka!"

Aliyefokewa akaenda kukaa ukutani bila ubishi. Nilitaka kusema "punguza sauti." Alhamdulillahi, nilimeza maneno.

Ijumaa nikamsukuma na kiti chake, tableti mapajani, hadi katikati ya uwanja. Yewe, mtoto yule ana hila! Anajifanya anataka kunyamazisha, hanyamazishi, mkishajisahau anakata. Nilicheza na mimi, nikatolewa mara tatu, watoto wakanicheka hadi wakagaragara.

Saa sita mama akaingia getini na mfuko mtupu wa kubebea vitu vya mwanawe. Ngoma ikakatika. Sote tukaganda. Mama akaendelea kutembea, hana habari.

"Mama! Umesogea! Toka!"

Mama akanigeukia mimi.

"Usinitazame," nikamwambia bila kusogeza hata shingo. "Mwenye mchezo ni yule. Waliotolewa wanakaa pale ukutani."

Akasita. Kisha akaenda, akakaa chini na kitenge chake kizuri katikati ya watoto, mfuko mapajani. Nilipiga kigelegele, nikatolewa tena, na sikujali.

Walicheza hadi saa saba. Mama alipoinuka kujipangusa vumbi, mfuko ulikuwa bado mtupu.

"Jumatatu tunawahi," alimwambia binti yake. "Na hunitoi tena, nakuapia!"