Shati la Baba Lililoungua

Jumapili baada ya ibada, hapa kwetu mtaani Bertrams, mke wangu alikuwa akipiga pasi gauni la mteja huku akitazama tamthilia ya Kikorea. Humo, malaika wa kike aliingia motoni badala ya kijana aliyempenda.

"Eish, anamfia kweli!" akasema kwa machozi, na gauni likaungua.

Harufu ile naijua. Nilikuwa mtoto, nikachezea pasi ya makaa juu ya shati ambalo baba alitaka kulivaa harusini kwa jirani, likaungua. Baba akauliza ni nani. Dada yangu, aliyekuwa aimbe na kwaya kwenye harusi hiyo, aliniona nikirudi nyuma, akawahi kujibu:

"Ni miye, Baba."

Akaachwa nyumbani. Mimi nilikwenda, nikala nikashiba, nikamletea kipande cha nyama nilichokificha mfukoni. Alikitafuna akicheka.

"Kina nyuzi za kaputula yako, we mchafu! Haya, bibi arusi alivaa nini?"

Nilimsimulia yote: viatu, shela, na jinsi kwaya ilivyopwaya bila sauti yake. Tulicheka mpaka tukaitwa kula. Asante tu ndiyo sikumwambia.