Mahubiri Ambayo Padri Kuruvilla Hakuyamaliza

Padri Kuruvilla alizaliwa mwaka 1884 katika kijiji cha Puthankari, Kerala, kusini mwa India, kwenye mashamba ya mpunga yaliyo chini kuliko ziwa, mtoto wa pili wa Chacko mkulima. Akajifunza sala za Kisiria, lugha ya kale ya kanisa lake, tangu utotoni, akamwoa Aleyamma, maana kanisa hilo huruhusu mapadri wenye wake, kisha akapewa upadri mwaka 1909. Kipaji chake kilikuwa mahubiri. Kila Jumamosi alijifungia, akaandika, akafuta, akayasoma kwa sauti hadi mkewe akachoka. "Baba Eapen," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hata Mungu keshakuelewa. Njoo ule, samaki anapoa."

Jaribu lake lilikuja na mafuriko ya 1924, siku moja kabla ya sikukuu ya kanisa la kijiji. Kaka yake, Pothen, alituma mtu mbio: tuta linalozuia maji ya ziwa yasiingie shambani linapasuka, mikono inahitajika. Padri alijibu bila kuinua kalamu, "Mwambie kaka naja, nimebakiza mwisho tu." Alipofika, mpunga wote ulikuwa chini ya maji. Kesho yake alihubiri juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja, na kanisa zima likalia. Tangu hapo waumini waliyaomba mahubiri hayo kila mwaka.

Katika kanisa letu salamu ya amani huanzia mkononi mwa padri altareni, ikapita kiganja kwa kiganja hadi mtu wa mwisho. Tangu mafuriko yale Pothen alisimama kwenye mlango wa magharibi, na kila amani ilipokaribia alitoka nje. Aliyeudhika zaidi ni Itty, mtunza kanisa, aliyesimama jirani naye.

"Kila Jumapili naachwa mikono hewani kama ombaomba! Pokea, bwana. Si amani yake, ni ya Kristo."

"Basi Kristo aipitishe kwa mkono mwingine," alijibu Pothen.

Padri naye aliudhika. Aliandika mahubiri ya msamaha mfululizo, yote yakimlenga kaka yake, na watu waliosameheana zamani wakayasikiliza kwa kuchoka. Hatimaye Aleyamma alishindwa kunyamaza.

"Miaka yote hii unamhubiria. Umewahi kumwomba radhi?"

"Mama Eapen, kazi hii huijui."

"Naijua. Ndiyo iliyozamisha mpunga wake."

Padri hakula chakula cha jioni ile.

Ikafika sikukuu ya mwaka 1931, askofu akiwapo. Padri Kuruvilla alianza mahubiri yaliyopendwa, akafika pale mchungaji anapoondoka, akanyamaza. Watu walidhani amesahau, na mzee mmoja aliyeyajua kwa moyo akamnong'oneza, "Akaenda, Padri. Akaenda." Padri akasema, "Mimi sikwenda." Akaziacha karatasi, akashuka, akapita katikati ya watu, huku askofu akimuuliza shemasi kwa hasira hii ni ibada gani.

Pothen alimtazama akija. "Umemaliza kuandika?"

"Sijamaliza, kaka. Nimekuja hivyo hivyo. Ulipoita sikuja. Nisamehe."

Pothen aligeuka akatazama mashamba nje ya mlango, hadi uvumilivu wa Itty ukaisha. "Jamani, tumefunga tangu jana! Msamehe tule!"

Pothen alicheka kwanza, kisha machozi yakamtoka. "Umechelewa sana, mdogo wangu," akasema, akanyoosha viganja. Siku hiyo amani ilianzia mlangoni, ikapanda hadi altareni, na askofu akaipokea akiwa wa mwisho.

Padri Kuruvilla alifariki mwaka 1952, akazikwa karibu na mlango ule kama alivyoagiza. Wengi hushuhudia kwamba tuta la Pothen halikupasuka tena, nao huliita jambo hilo muujiza wake. Huenda ni kweli. Ila waliomwona wanakumbuka pia kwamba kila msimu wa mvua alikuwa pale, kanzu imekunjwa hadi magotini, akibeba udongo na kaka yake. Katika sikukuu ile, amani ya Puthankari bado huanzia mlango wa magharibi. Nanyi mnaotayarisha Neno kwa ajili ya watu, mwigeni: jina lenu likiitwa toka shambani, wekeni kalamu chini mwende, na mahubiri yabaki bila mwisho.