Begi la Maskati

Barua ya kunipunguza kazi niliichapa mwenyewe. Mkurugenzi aliniletea rasimu mezani, akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Tulikuwa watu saba kwenye orodha na jina langu lilikuwa la mwisho, kwa hiyo niliwachapia kwanza wenzangu sita ndipo nikajifikia. Hata nilimsahihishia, maana aliandika "tunasikitika" mara mbili kwenye sentensi moja. Nikapiga muhuri, nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikajipelekea. Miaka tisa ya ukatibu muhtasi katika ofisi ile ya mradi wa uvuvi, karibu na Gombani kisiwani Pemba, ikaisha hivyo.

Sikulia. Nilikasirika, na mimi hasira yangu haina kelele, inakwenda miguuni. Nilitembea kutoka ofisini mpaka nilipopanga, jua la saa nane, na njiani sikumjibu mtu salamu. Mradi umekwisha, wafadhili wamerudi kwao, basi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, nina mtoto wa kike wa miaka saba, na babake alikuwa bara na mke mwingine na maisha mengine. Nilizunguka ofisi zote za Chake mjini na vyeti vyangu kwenye mfuko wa nailoni. Kila nilikokwenda niliambiwa niache nambari ya simu.

Miezi minne baadaye nikakubali kwenda Maskati. Mwanamke mmoja anayepeleka watu kazi za nyumbani Uarabuni alinipatia familia, mkataba wa miaka miwili. Paspoti nilikuwa nayo, niliipata enzi za semina za ofisi. Nikanunua begi kubwa la plastiki ngumu, jekundu, lenye magurudumu manne. Dada wa jirani alishakwenda huko, akajenga nyumba, akarudi salama na heshima yake, kwa hiyo sisemi neno baya juu ya safari hiyo. Ila mwanangu ningemwacha. Ningemwacha ana miaka saba na kumkuta ana tisa, na miaka hiyo miwili angelelewa na shangazi yangu, dada wa baba, kijijini kwake kaskazini, mbele huko upande wa Makangale.

Nikahamia kwa shangazi wiki tatu kabla ya safari ili mtoto azoee. Mtoto hakuzoea. Alipoliona begi limewekwa kwenye kona ya chumba, alikwenda akalikalia. Akirudi skuli analikalia. Akila, sahani iko magotini naye yuko juu ya begi. Nikimwambia shuka, anashuka, nikigeuka yuko juu tena. Nadhani alidhani begi likiwa na mtu juu yake haliwezi kwenda popote.

Shangazi yangu amepita miaka sitini na ni mchokoaji wa pweza. Tangu kigori anashuka mwambani maji yakipwa, na fimbo yake yenye ncha ya chuma, kanga imefungwa kiunoni, anarudi na wawili, watatu. Mwaka ule wanakijiji walikubaliana kuufunga mwamba. Maana yake ni hii: kipande kizima cha mwamba kinaachwa miezi mitatu, hakuna mtu kuchokoa pweza humo, hata mmoja, ili wakue, halafu siku moja ya bamvua, pale maji yanapokwenda mbali kabisa, unafunguliwa kwa wote. Shangazi ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake. Walimnunia miezi yote mitatu. Siku ya kufungua iliangukia siku nane kabla ya ndege yangu.

"Miye n'naenda mwambani," aliniambia asubuhi ile. "Na weye twende. Huko Arabuni hawatakuonesha haya."

Nilikwenda kwa kumridhisha. Na hapa niseme ukweli unaonitia haya: neno "pweza" nililichapa mara elfu katika ofisi ile. Taarifa za kufunga miamba, mihtasari ya vikao vya kamati za wavuvi, yote yalipita vidoleni mwangu. Lakini mwamba wenyewe sikuwahi kuukanyaga. Mzaliwa wa Pemba, binti wa ukoo wa wavuvi, na bahari nilikuwa naijua kwa kuichapa.

Tulipofika pwani nilikuta kijiji kizima kimesimama kwenye mchanga. Wanawake, wazee, wanaume, watu mia na zaidi, kila mmoja na fimbo yake, na hakuna aliyekanyaga maji. Maji yalikuwa yanaondoka yenyewe, yanaacha mwamba mweusi unaotoa moshi wa jua, na watu wanatazama. Sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, akasema maneno machache, shehe wa msikiti akaomba dua, tukaitikia amin. Kisha Sheha akashusha mkono. Hakuna aliyekimbia. Walishuka kwa mwendo wa watu wanaoingia msikitini.

Shangazi alitembea mbele, akanyooshea fimbo jiwe.

"Lile linakutazama," akasema.

Nikatazama, nikaona jiwe. Nikasogea, nikaona jiwe. Akaligusa pembeni kwa fimbo, na jiwe likageuka jeupe, likawa jekundu, likawa na madoa, likanyanyuka na mikono minane. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye maji na nguo zangu. Subhanallah, nilisema, na nikawa nalirudia neno hilo asubuhi nzima kwa sababu sikuwa na jingine. Miezi mitatu tu iliwafanya wale pweza kuwa viumbe wengine. Mmoja, mkono wake nilipounyoosha, ulinitoka kiunoni ukagusa unyayo. Na kila shangazi alipoona pweza, mimi niliona mwamba mtupu. Nilijiona mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa mtamu, maana tangu ile bahasha ya kaki sikuwa nimeshangazwa na kitu.

Kwenye dimbwi moja lenye kina cha magoti shangazi alisimama, akanivua kanga ya kichwani akanivisha miwani ya kuzamia. "Inama utie uso. Usiguse."

Nikatia uso majini. Palikuwa na shimo, mlangoni pake pamepangwa mawe madogo kwa mpangilio, mtu angedhani ni kazi ya mkono wa fundi. Ndani nikaona jicho. Nyuma ya jicho, kwenye dari ya shimo, yananing'inia mayai, nyuzi kwa nyuzi, meupe, madogo kama punje za mchele, hayahesabiki. Na yule pweza alikuwa anayapulizia maji. Polepole, anapuliza, anayapangusa kwa ncha ya mkono, anapuliza tena. Aliniona na hakukimbia. Nilibaki pale mpaka pumzi ikaniishia, nikainuka, nikavuta, nikarudi tena.

"Huyo hachokolewi," alisema shangazi nilipoinuka. "Hata mwamba ungekuwa wazi mwaka mzima."

"Anakula nini humo?"

"Hali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watoke wote. Akienda kutafuta chakula, samaki wanayamaliza."

"Halafu?"

"Halafu naye anakufa."

Nikavua miwani. Wallahi nilikasirika, nilimkasirikia pweza. Nikamwambia shangazi, "Hivi umenileta huku makusudi?"

"Nimekuleta tutafute kitoweo," akasema, tayari ameshapita mbele. "Inama, kuna jingine linakutazama."

Saa tano maji yakaanza kurudi na watu wakapanda pwani. Sijawahi kuona chakula kingi namna ile mahali pamoja. Mabeseni, ndoo, mapolo, hata kapu la kuchumia karafuu, yote yamejaa na mengine yamemwagwa juu ya makuti. Wanawake waliomnunia shangazi miezi mitatu walikuwa wanamkumbatia, wananuka pweza wote. Wazee walisimama wanatikisa vichwa. Mmoja alisema hajaona hivi tangu utoto wake, akakaa chini mchangani.

Ndipo mnunuzi akafika. Alikuja mmoja tu, na pikipiki, na deli moja, sanduku la kuwekea barafu, nyuma ya kiti. Akatazama lundo, akatazama jua, akacheka. Akataja bei, ikawa chini ya nusu ya bei ya kila siku. "Chukueni, mama zangu," alisema. "Kufika adhuhuri vitu hivi vitaanza kunuka, na mtavizika wenyewe."

Hapo nikaelewa kosa letu. Miezi mitatu walilinda mwamba, walipanga zamu, walipigana na wageni waliokuja kuiba, walichagua siku na dua ya siku, na hakuna hata mmoja aliyefikiria barafu. Wataifikiriaje? Watu wa mwamba ule huuza pweza wawili kwa siku, na pweza wawili hawataki barafu, wanataka karai la mafuta. Nilimwona shangazi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso umemshuka. Wanawake walishaanza kusogea kwa mwenye pikipiki. Nilijua kwamba wakiuza kwa bei ile mwamba hautafungwa tena maisha, na yeye hatasamehewa.

Sijui nilipata wapi sauti. "Msiuze," nikasema. "Nipeni saa mbili."

Kwenye ofisi nilikuwa mtu wa kupanga semina. Watu wamezoea kudhani semina ni hotuba, lakini semina ni soda baridi. Miaka tisa nilipigania barafu ya kutosha kuliko nilivyopigania mshahara wangu. Nikampigia mwenye duka la jumla la soda Wete, mzee ambaye hakuwahi kuniita kwa jina.

"Bibi wa semina," akasema. "Umepotea. Leo wajumbe wangapi?"

"Wengi, mzee wangu. Ila hawa hawanywi soda."

Akacheka mpaka akakohoa, akasema mapande ya barafu yapo, nilete gari. Nikampigia mpishi mkuu wa hoteli tulikokuwa tukifanyia semina. Nilimwambia nina pweza wa aina gani, akaniuliza urefu wa mkono. Nikamwambia kiunoni hadi unyayo. Akasema nilete wote ninaoweza, na wa kuzidi ana mtu wake Unguja, boti inaondoka alasiri. Kijana wa jirani akatoa pikapu yake. Kilichokosekana kilikuwa vyombo. Madeli mawili ya kuazima yalijaa mara moja, na pweza huwezi kumtia kwenye barafu ndani ya kapu lenye matundu.

Nikakimbia nyumbani.

Mwanangu alikuwa juu ya begi, na sare zake za skuli, anakula embe bichi kwa chumvi. Nilikuwa nahema, nguo zimelowa, mikono ina wino wa pweza.

"Shuka, mwanangu. Nalitaka begi."

Akashuka. Mara hii hakung'ang'ania. Aliweka embe kwenye sahani, akajifuta mkono kwenye sketi, akasimama pembeni ya ukuta akanyoosha mkono wa kulia kama tulivyomfundisha kuagana na watu wazima. Alikuwa anataka kunipa mkono wa kwaheri.

Mimi nimechapa barua ya kufukuzwa kwangu na kuipiga muhuri. Mkono ule sikuweza kuupokea. Nilikaa sakafuni, nikafungua zipu, nikalipindua begi. Nguo zote za Maskati, yale madira mapya, sabuni, dawa ya mbu, paspoti ndani ya soksi, vyote vikamwagika kwenye sakafu. Akatazama lile rundo, akanitazama.

"Huendi?"

"Nakwenda Wete," nikasema. "Njoo ushike upande huo, lina uzito."

Halikuwa na uzito hata kidogo. Tulilikokota hadi pwani yeye na mimi, magurudumu yanazama mchangani, na wanawake walipoliona begi jekundu walidhani nimepata kichaa. Tulitandika nailoni, tukarudi na barafu kutoka Wete, tukapanga pweza safu kwa safu mpaka kifuniko kikakataa kufunga na shangazi akalikalia. Hoteli ilichukua wake, na saa kumi boti iliondoka na waliozidi. Mwenye pikipiki alikuwa bado pwani, akanunua waliobaki kwa bei yetu.

Yule mwanamke wa kazi za Uarabuni alipiga simu siku ya tatu. Nilimwambia begi langu limeharibika. Akasema mabegi yanauzwa, nikamwambia najua.

Sasa ni mwaka wa tatu. Miamba minne inafungwa upande wetu, kila mmoja kwa zamu yake, na wachokoaji wa yote wananiuzia mimi, kwa sababu barafu inafika kabla ya maji kupwa. Sijawa tajiri. Nafanya kazi na wanawake waliokuwa wakiandikwa kwenye taarifa zangu kama "wanufaika", na wananikaripia wanapotaka. Kila mwamba unapofunguliwa nashuka kwanza bila fimbo, natafuta shimo lenye mawe mlangoni, natia uso. Sijalizoea hilo, na sitaki.

Begi liko chumbani, kona ile ile. Tuliliosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, likaanikwa wiki nzima, na bado linanuka pweza kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayesafiri nalo. Mwanangu ana miaka kumi. Bado analikalia anapofanya kazi za skuli, lakini siku hizi ni kwa sababu liko karibu na dirisha.