Suti ya Kukulia

Mtaa mzima ulimjua fundi yule kwa jina la Utakua, na jina lenyewe alijitafutia. Alishona sare: za wanafunzi, za walinzi, makoti meupe ya wauza dawa. Mzazi akimleta mtoto, fundi alizungusha futi, akatamka kipimo kwa sauti ya kuhani, akakiandika kwa chaki mezani, kisha akaongeza nafasi begani, nafasi kiunoni, na chini akapiga upindo mnene kama godoro. Mtoto akilalamika kwamba mikono ya shati imemmeza vidole, alijibiwa neno moja tu.

"Utakua."

Wazazi walimpenda kwa hilo. Watoto, tusiwaulize.

Sasa hebu fikiria kuwa binti wa mtu wa namna hiyo. Huyo ndiye Pini. Jina hilo alilipata kwa wembamba, likamkaa kwa sababu tangu ajue kusema alikuwa anachoma. Tangu azaliwe hakuwahi kuvaa nguo iliyomtosha siku aliyoivaa. Zilimtosha mwaka wa pili, na mwaka wa tatu zilikuwa tambara la deki. Ni kama kupikiwa wali leo ukaambiwa utaula kesho kutwa. Tena alipoanza kuwa msichana mkubwa, baba aliona haya kumzungushia futi, akaacha kabisa kumpima. Akaendelea kushona kwa vipimo vya darasa la sita, akiongeza kwa kukisia kila mwaka, kama mtu anayejaza maji kwenye mtungi asiouona.

Kwa hiyo siku jina lake lilipotoka miongoni mwa waliopata chuo kikuu, tena kusomea uhandisi, Pini alikuwa mwanamke mzima aliyevaa gauni linalomngoja akue. Akili za uhandisi, tusidanganyane, zilitoka upande wa mama, ambako hazijawahi kuadimika. Lakini hilo tuliache, fundi asije akanuna bure.

Ilibaki miezi michache kabla ya chuo kufunguliwa. Mama mdogo wake, mwanamke mwenye sauti ya kuita gari lililokwisha kuondoka, aliuza vifungo na zipu kwa jumla kwa mafundi wa miji ya mbali. Siku moja akasimama mlangoni kwa dada yake akiwa na masanduku mawili.

"Huyu mtoto nipeni kabla vitabu havijamla. Anibebee sanduku, aone dunia."

"Dunia ataiona chuo," alisema fundi.

"Chuo ataona ukuta na ubao, shemeji. Acha ubahili wa watoto."

Fundi akakubali kwa sharti moja: Pini avae gauni la bluu alilomshonea. Gauni lile lilikuwa na shingo ya kufunga mpaka kidevuni na kiuno ambacho wangeingia wawili wakabaki na nafasi ya kugombana.

Ndani ya basi, utingo alimtazama Pini juu hadi chini. "Mama, huyu mwanafunzi? Mwanafunzi nusu nauli."

Mama mdogo hakupepesa jicho. "Mwanafunzi, ndiyo. Tena wa msingi. Analala sana, ndiyo maana karefuka."

"Mama mdogo!" Pini alinong'ona kwa hasira.

"Nyamaza. Gauni kakosea baba yako, faida tumepata sisi."

Jioni wakafika nyumba ya wageni. Mwanamke wa mapokezi alimwandikia mama mdogo chumba, akampa ufunguo, akamhoji habari za safari. Pini alipoomba ufunguo wa pili, yule mama alicheka kwa upole, akavuta droo, akampa pipi.

"Shika, mwanangu. Ufunguo anao mama."

Pipi ile ndiyo iliyoharibu kila kitu. Utingo unaweza kumsamehe, yuko kazini. Lakini umefaulu hesabu zilizowalaza wanaume wenye ndevu, halafu unapewa pipi! Pini hakuila. Aliitia mfukoni, na mfuko wenyewe ulikuwa na kina cha kisima kwa sababu nao ulishonwa kwa kukua.

Mji wa pili kulikuwa na mteja wa mama mdogo, fundi mwanamke aliyejulikana kama Mama Mkasi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani tatu na vipande vya nguo mpaka juu ya feni. Mama mdogo akihesabu zipu, Pini akasogea mezani.

"Mama, nifundishe kukata."

"Baba yako si fundi? Hakukufundisha?"

"Kanifundisha kusubiri."

Mama Mkasi akamtazama, akamtupia mkasi upande wa mpini. Pini akaazima kanga ya kujisitiri, akalivua gauni la bluu, akalifumua. Na hapa ndipo dhamira ya baba mtu ilipoonekana wazi: nafasi ya kukua iliyokuwa imefichwa kwenye mishono ya gauni lile ilitosha kutoa suruali. Ingetosha, niseme, kama Pini hangekosea. Alikunja kitambaa vibaya, akakata kwa kujiamini, na alipoinua vipande akagundua amepata miguu miwili ya kushoto.

Mama Mkasi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mwanangu, umemkatia suruali bata!"

Mtu mwingine angelia. Pini alijikaza, akauchukua mguu mmoja wa bluu, akachambua lundo la vipande akatoa cha kahawia, akakata mguu wa kulia. Akaunganisha. Suruali ikawa imekaa kiunoni kama imezaliwa naye, mguu mmoja bluu, mguu mmoja kahawia.

"Utatoka nayo barabarani?" aliuliza mama mdogo.

"Miguu ni yangu yote miwili. Nani kasema lazima ivae sare?"

Akatoka nayo. Miji minne. Kwenye stesheni ya treni kijana mmoja aliyeegemea nguzo aliita, "Dada, umeme ulikatika ukivaa?"

"Kaka, wewe ulivaa ukiona, na bado ukatoka hivyo?"

Wenzake walimcheka mpaka akahama nguzo. Msichana wa kioski akamfuata Pini mbio kumuuliza suruali ile inauzwa wapi. Haiuzwi, alijibiwa, inakatwa. Tangu hapo Pini hakubeba sanduku akiwa ameinama. Kila kwa fundi walikoingia, mama mdogo akihesabu vifungo, yeye alikuwa mezani akiuliza: hili bega mmelipataje, kwa nini hapa mmekata mshazari, nipe nijaribu. Waliporudi kupitia nyumba ile ya wageni, mwanamke wa mapokezi alisimama. "Karibu, dada. Chumba chako peke yako?" Hakumkumbuka. Pini akachukua ufunguo, akaacha pipi juu ya kaunta.

Alipofika nyumbani baba yake alikuwa amening'iniza suti kwenye sanamu ya dirishani, mtaa wote uione. Suti ya kijivu, koti na sketi, ya binti wa kwanza wa mtaa ule kwenda chuo kikuu. Alikuwa ametangaza kwa kila mteja kwamba atampeleka mwenyewe stendi, mkono kwa mkono. Mshono ulikuwa safi, husemi kitu. Ila ndani ya koti lile ungeweza kuficha mlinzi pamoja na rungu lake.

Fundi aliitazama suruali ya rangi mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Suruali ilikuwa bado ipo.

"Hiyo umeokota wapi?"

"Nimekata mwenyewe, baba. Ni gauni lako."

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema fundi. "Kosa langu."

"Samaki keshakauka, baba. Ukimkunja sasa utamvunja."

"Basi sikiliza. Kesho kutwa utoke na suti hii, nikupeleke stendi kama nilivyosema. Ukitoka na hayo matambara, utatoka peke yako. Siji."

Hilo lilimchoma mwenye kuchoma. Maana Pini alitaka vyote viwili, na hakuona aibu kuvitaka: kuondoka akiwa mtu mzima, na baba yake awepo amwone akiondoka hivyo. Kwenda chuo ndani ya koti lile ilikuwa kwenda kuambiwa tena "utakua". Kwenda bila baba ilikuwa kwenda kama mtoro.

Kesho yake mchana fundi alitoka kupeleka sare za walinzi. Aliporudi alimkuta Pini mbele ya meza yake, na mkasi wake, na koti la kijivu limefumuliwa mabega. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshakatwa.

"Weka chini huo mkasi!"

"Siweki, baba."

"Hiyo nafasi nimekuachia wewe!"

"Nafasi ya nini?"

Fundi akafungua kinywa, na neno likaja lenyewe kama kawaida. "Utak..."

"Nimeshamaliza kukua!" Pini alipaza sauti mpaka fundi simu wa mlango wa pili akatoa kichwa. "Nilimaliza zamani, hukuangalia. Nipime."

Fundi akaitazama futi shingoni mwake. Mikono haikunyanyuka. Haya ya miaka ilikuwa imeikamata.

Pini akaivua futi shingoni mwa baba yake, akajizungushia mwenyewe, akaanza kutamka vipimo kwa sauti ileile ya kuhani. Bega! Mgongo! Kiuno! Kila kimoja na namba yake, na barabara nzima ikasikia.

"Rudia mkono, huku hatujapata!" aliita fundi simu.

"Na kichwa pima," alidakia mteja wake, "naona kimevimba!"

Fundi Utakua alikuwa ameandika vipimo vinavyotamkwa tangu ujana wake. Pini alipotamka kiuno, mkono wake ulikuwa tayari umeshika chaki. Alipotamka urefu wa mkono, alikuwa ameinama anaandika. Alipogundua anachofanya, safu nzima ilikuwa mezani, nyeupe kwenye mbao nyeusi. Akaisoma. Akaisoma tena polepole, kama mtu aliyepewa habari za mgeni. Kisha akaweka chaki, akatoka nje.

Pini alishona hadi machweo.

Asubuhi ya safari alivaa koti la kijivu lililomkaa barabara, na chini yake suruali ya rangi mbili. Sketi aliiacha kwenye sanamu. Baba hakuwepo mezani, hakuwepo dukani. Mama mtu akataka kulia, mama mdogo akamkataza: "Dada, usimlowanishe mtoto, keshapiga pasi." Wakabeba mizigo, wakaenda. Pini alitembea katikati ya barabara kifua mbele, akawajibu wote waliomshangaa kwa kuwatakia asubuhi njema.

Stendi, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, akasikia sauti nyuma yake.

"Mkono wa kushoto umekosea."

Fundi alikuwa amesimama pale na sindano yenye uzi wa kijivu imechomekwa kolani. "Umekata mfupi. Nimeuona tangu jana, nikajua hujui. Kazi ya mkono mfupi haitoki dukani kwangu. Shuka niushushe upindo."

"Umekuja kuniaga, baba?"

"Nimekuja kushusha upindo."

Pini akatazama mikono. Kweli, wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya kifundo. Dereva akapiga honi. Akaukunja wa kulia hadi kwenye kiwiko, akaukunja na wa kushoto, akainyoosha yote miwili mbele ya baba yake.

"Sasa iko sawa."

Fundi akaikagua kwa jicho la kazi, huku na huku, akitafuta kasoro. Hakuipata, na kukosa huko kulimuuma.

"Kiburi hicho!" alisema.

"Cha kunitosha, baba. Hakina nafasi."

Basi likaanza kusogea. Fundi akatembea sambamba na dirisha, sindano bado kolani. "Likizo upite dukani! Nikupime mwenyewe!"

"Nitapita! Na mkasi nakuja nao!"

Sketi ya kijivu bado iko dirishani. Mama mmoja aliuliza bei yake juzi, akajibiwa kwamba mwenyewe haitaki na fundi hauzi.