Mtunza Daraja Aliyeshindwa Kukaa Bure

Hastaman Rai alilitunza daraja letu la kamba za chuma miaka kumi na tisa. Kila Jumamosi alilipaka grisi, akakaza nati, akafagia mavi ya mbuzi. Alimpenda mkewe pia, lakini mkewe hakukaguliwa kila Jumamosi.

Huko kujituma ndiko kulikotuponza. Kila mwaka wilaya ina fedha za kukarabati daraja moja tu, na hupewa lililo bovu kuliko yote. Wenzetu wa Simle, ambao mtunza daraja wao hulala mpaka adhuhuri, wameshapata mbao mpya mara tatu. Sisi mbao zetu ni kuukuu, zina viraka vya Hastaman, na kila mwaka tunaambiwa tungoje.

Safari hii mwenyekiti wa kamati yetu ya daraja, Jasmaya, akamwita.

"Kaka Hastaman, mkaguzi anakuja kesho. Usiguse kitu."

"Hata nati?"

"Hata nati. Kaa nyumbani, unywe pombe yako ya ulezi."

Mchana ule tukalegeza nati wenyewe, tukang'oang'oa mbao, tukapitisha mbuzi mara mbili. Daraja likawa linalia kama mlango wa choo.

Asubuhi mkaguzi akalikanyaga. Kimya. Akarukaruka. Kimya. Akapitisha kidole kwenye kamba, kikatoka na grisi mbichi.

"Hongereni," akasema. "Hili linaweza kungoja hata miaka mitano."

Sote tukamgeukia Hastaman. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

"Nilikuwa napita tu," akasema. "Nikakaza moja. Ya pili ikaniangalia."

"Nati ikakuangalia?"

"Dada Jasmaya, wewe hujawahi kuangaliwa na nati."

Jioni kamati ikamvua kazi. Kura zote akapewa Purnadhan, ambaye paa lake linavuja tangu alipooa, na sasa ana watoto wanne. Alishinda bila kufika mkutanoni.

"Kaka, umfundishe kazi," Jasmaya akasema.

"Nimfundishe nini?"

"Kutofanya kitu."

"Hicho anakijua," akajibu Hastaman.

Nilimwonea huruma, kweli, ila mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine. Binti yangu huvuka pale kwenda shule. Siku hizi namwambia ashike kamba kwa mikono miwili.